Kuketi na Kukaa Kando ya Themi

Fundi hakuwahi kumwambia mgeni "kaa." Alisema "keti." Ukifika kibandani kwake kando ya mto Themi, ukavua kofia na kusema shikamoo, aliitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye randa, kisha akakuonyesha kigogo kwa kidevu: "Keti." Na kama wewe ni mtu wa Arusha, uliyekaribishwa kwa "kaa, kaa" tangu utoto, uliketi huku ukijiuliza umekosa nini.

Mimi nilimuuliza. Nina ugonjwa huo wa kuuliza. Mwalimu wangu alichoka nao mapema, na shule nikaiacha mapema, lakini ugonjwa haukuniacha.

"Fundi, kwa nini husemi kaa kama watu?"

"Kwa sababu sijakupa nyumba."

"Nani kakuomba nyumba?"

"Ndiyo maana nasema keti. Kuketi ni kazi ya makalio, bwana mdogo. Unaketi, unanyanyuka, unakwenda zako. Kukaa ni jambo zito. Anayekaa mahali ana kuni zake, ana shimo la taka lake, ana jirani anayemsengenya. Wewe una kipi kati ya hivyo?"

Sikuwa na hata kimoja. Nilikuwa utingo wa lori la Singasinga mmoja lililoteremsha mbao kutoka upande wa Oldonyo Sambu, na nililala palepale lori lilipolala. Kabla ya hapo nilichuma kahawa, nilikata mkonge, nilichunga ng'ombe wa watu. Kila mji niliofika waliniuliza unakaa wapi, na kila mara nilijibu jina la mji niliotoka jana.

Fundi mwenyewe alitoka wapi, sijui. Nilipomuuliza mara ya kwanza alisema Pangani. Nilipomuuliza tena, masika yalipokwisha, alisema Mikindani. Nilipomkumbusha Pangani alisema pwani ni moja, wanaoigawa ni wenye kutoza nauli. Mkewe alicheka: "Usijisumbue, mwanangu. Mimi nimeolewa naye na bado naambiwa kila mwaka mji mwingine."

Mtu wa pwani, basi, lakini maji aliyaogopa kama paka. Aliishi hatua chache kutoka mtoni na sijapata kumwona akiingiza hata kifundo cha mguu. Mkewe alimchotea ndoo, naye akaogea nyuma ya kibanda akilalamika kwamba maji ya Themi ni barafu iliyosahau kuganda. Vifaa vyake alimwazima kila mtu, msumeno, patasi, hata tezo aliyoipenda, lakini penseli yake hakumpa mtu. Ilikaa nyuma ya sikio usiku na mchana, na mkewe aliapa kwamba analala nayo.

Misumari aliichukia. Aliunga mbao kwa kuchonga ulimi kwenye ubao mmoja na tundu kwenye mwingine, akashindilia, akazifunga kwa kijiti cha mti mgumu. "Mbao zikipendana hazihitaji msumari," alisema. "Zisipopendana, msumari utazipasua tu."

"Na sisi wawili," mkewe aliuliza kutoka jikoni, "nani alitupiga msumari?"

"Sisi ni ulimi na tundu, Mama."

"Ulimi ni wewe, hilo nalijua."

Mkewe alikuwa Mmeru wa mlimani, Mlutheri, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Jumapili alikwenda kwake na kitabu cha nyimbo kwapani, Ijumaa mumewe alikwenda kwake na kanzu, na siku nyingine zote waligombana kuhusu Kiswahili. Kwa sababu yeye, Mama, alisema "kaa" kwa kila kiumbe. Mgeni akitokea tu kwenye njia: "Karibu, kaa! Kaa hapa! Mbona umesimama kama nguzo, kaa!"

"Keti," Fundi alisahihisha bila kuacha kuranda.

"Wewe Mswahili na keti yako. Mtu akila magimbi yangu ameshakaa."

Magimbi yake yalikuwa maarufu. Aliyapanda pembezoni mwa maji, majani makubwa kama masikio ya tembo, na akayapika juu ya mafiga yake matatu ambayo alikuwa ameyachagua mwenyewe kutoka mtoni siku walipohamia pale. Kabla ya pale walikuwa wamepanga chumba Ngarenaro, na Mama alisema chumba kile kilimkaba koo: ukuta huku, ukuta kule, na jirani anakohoa sikioni mwako. Kando ya mto angeweza kulima. Na Fundi, ambaye hakupenda kusema anachotaka, aliwahi kuniambia kwamba maishani amebakiwa na haja moja tu, kufia pale kando ya mto na mke wake akiwa jikoni anamsema vibaya.

Haja hiyo ndiyo iliyoingia matatani.

Kibanda kilikuwa juu ya ardhi ya mji. Zamani, wakati wa Mjerumani, palikuwa na bustani pale, kisha ikaachwa mpaka matete na magugu yakaimeza. Baada ya vita vya Hitla kukaja Mzungu wa kuifufua. Sisi tulimwita Bwana Bustani. Alitaka njia za changarawe, miti ya kivuli, maua, na mabenchi ya kutosha kando ya maji ili watu wa mjini wapumzike. Mabenchi ya juu, karibu na barabara, yangekuwa ya Wazungu. Hapakuwa na ubao uliosema hivyo, na hakuna aliyeuhitaji. Ya chini, mtoni, yangekuwa ya sisi wengine.

Bwana Bustani akamkuta Fundi amekwisha kuwa pale, na karakana yake na mbao zake, kana kwamba ameletwa na mvua. Akampa kazi ya mabenchi. Fundi akaamini kwamba mambo yamekwisha.

"Mimi sasa nimo ndani ya bustani," aliniambia tulipokuwa tunashusha mbao. "Huwezi kufagia uwanja ukamfagia na mwenye ufagio."

Mama hakuamini. "Wamekupa kazi, hawajakupa mahali."

Mabenchi yale bado nayaona. Miguu ya mti wa loliondo, mizito, na viti na migongo ya mtarakwa, ambao mchwa hawauli na unyevu hauuozeshi, na ukiketi jua linapopata nguvu unanukia kama kabati la matajiri. Lakini kilichoyatofautisha na benchi jingine lolote ni ubao wa juu wa mgongo. Fundi aliufanya mpana kama rafu, na akaupandisha zaidi ya ilivyochorwa kwenye karatasi ya Bwana Bustani. Alipimia mke wake. Alimsimamisha na mkungu wa ndizi kichwani, akamwambia, "Geuka. Rudi nyuma kidogo. Sasa chuchumaa kama unataka kutua mzigo," na pale mkungu ulipofika ndipo alipoweka alama ya penseli begani pa benchi.

Wanawake wa mlimani hushuka sokoni na mizigo ambayo mtu mmoja hawezi kujitua. Njiani mtu hapumziki mpaka akutane na mwenziwe wa kumsaidia. Kwa benchi la Fundi mwanamke angegeuka, angeinama kidogo, angesukumia mkungu juu ya ubao, kisha angezunguka na kuketi peke yake bila kumwomba mtu.

Bwana Bustani aliuzunguka ubao ule akishika ndevu. Karani mmoja kijana wa Kichaga aliyetumwa na ofisi ya mji kumtafsiria akasema, "Fundi, Bwana anauliza huu upana wa nini."

"Wa ndizi."

Karani alitafsiri. Mzungu aliuliza tena, akidhani hakusikia vizuri. Karani akarudia, na safari hii wote wawili wakacheka, na ubao ukabaki.

Yule karani alikuwa kijana mwema. Siku moja alikuja peke yake, amekunja suruali asichafuke, akaketi kwenye kigogo bila kuambiwa.

"Fundi, nina shida ya neno. Ofisi inataka ubao bustanini wa kuwakataza watu wasihamie. Wasiweke vibanda, wasipike, wasilale. Nimeandika 'kuishi' lakini naona halikai vizuri."

"Haliwezi kukaa vizuri. Kuishi ni kuwa hai. Utaandika ni marufuku kuwa hai hapa?"

"Basi niandikeje?"

Nadhani katika maisha yake yote Fundi hakuwa amefurahi kama siku ile. Aliweka randa chini. Alichukua penseli kutoka sikioni. Alimweleza karani habari ya kuketi na kukaa, makalio, kuni, shimo la taka, jirani, yote, na mwisho akamwandikia mwenyewe kwenye kipande cha ubao: NI MARUFUKU KUKAA HAPA.

"Kila mtu ataelewa?" karani aliuliza.

"Kila mwenye Kiswahili."

Na ubao akauchonga yeye, herufi zimezama ndani ya mtarakwa ili rangi ikitoka maneno yabaki. Akausimika yeye, kwenye njia ya kuingilia, mbele ya mabenchi yake mapya.

Hakuna mtu aliyeketi.

Watu walikuja. Wakatazama maua. Wakasoma ubao, au wakasomewa. Wakatazama mabenchi, wakatazama ubao tena, wakasimama nyuma ya mabenchi wakiwa wamekunja mikono kama watu waliofika msibani mapema. Wengine waliketi kwenye nyasi kwa hofu, upande upande, tayari kukimbia. Kijana mmoja wa Sokon alipojaribu benchi, askari wa mji alimwamkia kwa rungu: "Wee! Huoni? Kukaa marufuku!" Maana hata askari alikuwa mtu wa huku juu, na kwa mtu wa huku juu kukaa ni hivyo hivyo, makalio na ubao.

Bwana Bustani akashangaa sana. Nilimsikia karani akimweleza Fundi kwamba Bwana anafikiri labda Waafrika hawapendi mabenchi. Fundi alichukua randa. Aliranda ubao ambao ulikuwa umeshakuwa laini.

Mama ndiye aliyecheka. Alicheka mpaka akashika mlango. "Umeweka viti, ukaandika msiketi! Mswahili huyu! Watengenezaji wote wa mabenchi duniani, ni wewe tu!"

"Watu wa huku hawajui lugha," Fundi alisema kwa ukali.

"Watu wa huku ndio wenye makalio."

Siku chache baadaye Bwana Bustani alikuja kukagua ubao, benchi, na yote. Mimi nilikuwa pale kwa sababu lori lilikuwa limepasuka rimu. Alipofika karibu na maji alisimama, akanyoosha fimbo kwenye kibanda. Karani alijikohoza.

"Fundi, Bwana anauliza hii ni nini."

"Karakana."

"Na yale magimbi?"

"Magimbi huota popote penye maji."

"Na yule mama?"

Fundi alimtazama mkewe, aliyekuwa mlangoni amepakata ungo. Nilimwona anatafuta neno. Mtu ambaye maneno yote yalikuwa mfukoni mwake siku ile alipapasa kama anayetafuta penseli wakati iko sikioni.

"Anaketi," alisema. "Amekuja tu. Anaketi."

"Nani anaketi?" Sauti ya Mama ilivuka mto. "Mimi? Mimi nakaa hapa! Nakaa hapa na mume wangu tangu bustani hii ni matete! Mwambie huyo Mzungu nakaa!"

 Karani alivitazama viatu vyake. Alikuwa na neno hilo limechongwa ubaoni umbali wa kutupa jiwe, na aliyelichonga alikuwa amesimama mbele yake. Alitafsiri. Hakuwa na namna.

Walipewa muda wa kuvuna.

Nilirudi siku ya mwisho nikasaidia kubomoa. Nilitazamia ugomvi mkubwa lakini walikuwa wapole, wote wawili, kama watu wanaobeba kitu cha kioo.

"Umejifukuza kwa Kiswahili chako," Mama alimwambia akikunja mkeka.

"Na wewe umetufukuza kwa chako," Fundi akajibu. Kisha wakacheka kidogo, na kicheko hakikufika mbali.

Chumba cha Ngarenaro Mama alikataa. Kaka yake mlimani alikuwa na kipande cha kihamba, shamba la migomba la ukoo, alichomtengea, na nyumba ya udongo isiyo na mtu. Akaenda huko. Fundi alikaribishwa pia. Kaka mtu alishuka mwenyewe, mzee wa kanisa mwenye koti la mvua, akasema mbele yetu sote, "Shemeji, njoo ukae kwetu." Hata mimi nilisikia neno lile likianguka. Fundi alimshukuru. Alisema atakuja kutembea. Mwanamume wa pwani, kwenda kukaa kwa wakwe, juu ya ardhi ya mkewe? Alisema hivyo baadaye, mimi na yeye tukiwa peke yetu, na akapanga chumba Ngarenaro palepale Mama alipopakataa.

Kabla hawajaagana Mama alitafuta mafiga yake. Alizunguka pale jikoni palipokuwa, akipekua majivu kwa mguu.

"Mawe yangu yako wapi?"

"Nimeyatumia," Fundi alisema.

"Umeyatumia kwa nini? Nitapikia nini?"

"Mlimani hakuna mawe?"

Mama akajitwika mzigo na kuondoka. Mimi niliona ni ukatili, na sikumficha.

"Bwana mdogo," alinijibu, "wewe shusha mbao."

Alikuwa amebakiza benchi moja la mwisho. Sikuliona likisimikwa, lori lilikuwa limepona.

Lakini siku ya soko iliyofuata nilikuwa mjini, na hili nililiona kwa macho yangu. Mama alishuka kutoka mlimani na mkungu wake. Hakuingia sokoni. Alikata kona, akapita mbele ya ubao, akashuka mtoni hadi benchi la mwisho, akageuka, akainama, mkungu ukalala juu ya ubao mpana kama mtoto kitandani. Kisha akazunguka, akaketi. Watu waliosimama nyuma ya mabenchi mengine waligeuka kumtazama.

Askari akafika mbio. "Mama! Hujui kusoma?"

"Najua. Nasoma Biblia, nitashindwa na ubao?"

"Umeandikwaje?"

"Umeandikwa nisikae. Mimi nakaa mlimani, kwa kaka yangu, kila mtu anajua. Hapa naketi." Akajiweka vizuri. "Kama hujui tofauti, muulize aliyeandika. Yule pale anakuja."

Fundi alikuwa anakuja kweli, kwenye changarawe, na kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Askari alimgeukia. "Eti, Mzee, ni kweli? Kuketi siyo kukaa?"

 Nilidhani atatoa ile hotuba yote. Alisema tu, "Ni kama alivyosema Mama," na akaketi kando ya mkewe. Kufika adhuhuri mabenchi yote ya chini yalikuwa yamejaa. Mtu akiulizwa na askari alijibu, "Naketi, afande," na watoto wakaligeuza neno hilo kuwa mchezo.

Ubao haukubadilishwa kamwe. Uliendelea kukataza kukaa, na watu wakaendelea kuketi.

Baada ya hapo mimi nikaondoka na kutangatanga. Mkonge tena, kisha reli, kisha mgodi, kisha miaka mingine ambayo haina la kusimulia. Niliporudi, bendera ya Mwingereza bado ilikuwa inapepea Bomani, lakini miti ya kivuli ilikuwa imeshakuwa na kivuli. Nilikuwa napita tu, naelekea Nairobi. Ilikuwa siku ya soko, asubuhi, na ukungu wa Meru ulikuwa unapanda polepole. Miguu ikanishusha mtoni.

Alikuwa kwenye benchi la mwisho, ukingoni kabisa. Ndevu zimekuwa nyeupe, penseli sikioni.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba." Alinitambua kabla sijasema jina. "Keti. Siyo hapo. Hapo pana mwenyewe."

Nikaketi kwenye nyasi, na nilipoketi chini ndipo nilipoyaona. Miguu ya benchi ilikuwa imesimama juu ya mawe ili isiloe. Jiwe moja lilikuwa jeupe, jipya kutoka mtoni. Mengine matatu yalikuwa meusi kwa moshi upande mmoja, moshi wa zamani uliokwisha kuingia ndani ya jiwe, ambao mvua haiuondoi.

"Fundi. Haya ni mafiga."

"Yako palepale yalipokuwa," alisema. "Sikuyasogeza, niliyafunika udongo tu mpaka benchi liwe tayari. Nimeongeza la nne tu."

"Yeye anajua?"

"Alijua siku ile ya kwanza alipoketi. Hajasema kitu. Kila siku ya soko anashuka, anaketi hapa mpaka jua linapogeuka, anapanda. Nami nakwenda Ngarenaro." Akaigusa penseli sikioni. "Na wewe, unakaa wapi siku hizi?"

"Sikai, Fundi. Bado naketi."

Alicheka hadi akafuta macho.

Tukamsikia kabla ya kumwona. Alikuwa anamwamkia kila mtu njiani kwa sauti ileile. Alitokea kwenye changarawe, mkungu kichwani, mgongo umeinama kuliko nilivyouacha, lakini hakuomba msaada na hakuna aliyethubutu kuutoa. Aligeuka, akainama, mkungu ukalala. Akazunguka benchi akipumua, akaniona.

"We! Mwanangu! Hujafa?" Akafungua jani la mgomba alilolibana kwapani, na magimbi ndani yake yalikuwa bado yanatoa mvuke. "Mbona uko chini kwenye umande kama mbwa? Njoo. Kaa. Kaa hapa kati."

Nilimtazama Fundi. Nilingoja asahihishe. Kwa miaka yote niliyowajua, neno lile halikuwahi kupita mbele yake bila kusimamishwa.

Hakusema kitu. Alisogea, akapangusa ubao kwa kiganja, na mimi nikakaa.